UTUBORA ALIKUWA NA AKIBA KIASI GANI?

(Mazungumzo mbele ya wanafunzi wa sasa na wa zamani, katika mkutano wetu hapa Kabanga)



Nimeombwa nizungumze kwa nusu saa juu ya namna ya kuwachambua wahusika na dhamira katika vitabu vyetu vya fasihi. Katibu aliyeniandikia barua aliongeza chini, kwa kalamu, kwamba nisizungumze kama mtu anayetoa somo. Nitajitahidi. Lakini mtu aliyeshika chaki kwa miaka mingi, hata akisalimia husikika kama anayeita majina.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Mwanafunzi akiambiwa amchambue mhusika, mkono wake huanza kuandika kabla ya kichwa kufikiri. Ataandika kwamba Utubora ni mhusika mkuu, ni mpenda kazi, ni mwaminifu, ana msimamo, tena ni kielelezo kizuri kwa jamii. Ondoa jina la Utubora uweke Karama, maneno ni yale yale. Weka Kinjeketile, ni yale yale. Weka jina la babu yako, nalo litakaa. Ndugu zangu, nguo inayomkaa kila mtu haikushonewa mtu.

Kisha huja habari za wahusika bapa na wahusika duara. Vijana huzigawa kama wagawavyo vyombo jikoni: sinia huku, chungu kule, kazi imekwisha. Sizikatai istilahi. Fundi seremala lazima avijue vyombo vyake kwa majina. Ila kuitaja randa si kupiga randa, na mbao itakaa pale pale na miiba yake.

Nadhani Shaaban Robert, bila kukusudia, ametupa kisingizio. Yeye huwapa watu wake majina yanayosema. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, mshtaki anaitwa Majivuno na mshtakiwa anaitwa Karama. Basi mwanafunzi anaandika kwamba Majivuno ana majivuno, anaweka nukta, anageuza karatasi. Lakini jina ni mlango tu. Karama ameletwa mbele ya mfalme kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Swali la maana ni hili: mtu mwenye cheo kama Majivuno anaogopa nini watu wakijua sheria? Angepoteza kitu gani? Ukilijibu hilo umekwisha kumchambua Majivuno, tena umekwisha kuigusa dhamira ya kitabu bila kuandika neno dhamira. Na wale wajumbe sita wanaotajwa na Karama katika utetezi wake, waliopelekwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, kisha wakaadhibiwa waliporudi na habari njema, nao tuwaulize vivyo hivyo. Nani alikula hasara kwa habari zao? Mtu haadhibiwi bure kwa kuleta kheri. Ipo nyumba ambayo kheri hiyo inaibomolea ukuta.

Hata jina la kitabu lastahili kuulizwa. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venice, aliutoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Tazameni neno hilo. Bepari kwa asili ni mchuuzi, mtu wa biashara, neno lililotufikia kutoka kwa Wahindi. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, nani nchini Tanzania alilisikia neno bepari akafikiria mchuuzi tu? Tena Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja, naye Mwalimu akasema mabepari, wengi. Kwa hiyo mtu hajafungua hata ukurasa wa kwanza, tayari Antonio, tuliyezoea kumhurumia, ameketishwa benchi moja na Shylock. Mimi husema uhakiki mkali kuliko wote wa mchezo ule umeandikwa juu ya jalada. Hilo nimelitaja njiani tu, tuendelee.

Kitabu ninachotaka kukaa nacho leo ni Utubora Mkulima. Kilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mtunzi kufariki. Habari yake mnaijua. Utubora ni karani, kazi anaiweza, na tajiri wake, Ahmed, hataki kumwachia. Utubora anaacha kazi hata hivyo. Anakwenda Busutamu, kijijini, kushika jembe, na watu wa mjini wanamshangaa.

Tangu kitabu hicho kiingie madarasani, dhamira yake imekuwa ikiandikwa ubaoni kwa sentensi moja: kazi ya jembe ina heshima, msomi asiione haya. Na kwa kweli kitabu kilifika wakati wake. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, Elimu ya Kujitegemea ikafuata Machi mwaka huo huo. Mwalimu aliyetaka hadithi ya kumwambia kijana arudi kijijini hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Sasa, mwaka mmoja nilikuwa nakifundisha kitabu hiki Kidato cha Tatu, katika shule ambayo si hii. Nimekwisha kuandika sentensi ile ubaoni, chaki bado iko mkononi, kijana mmoja wa dawati la nyuma, mtoto wa huku kwetu Kasulu, akanyosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, huyu Utubora alipoacha kazi alikuwa na akiba kiasi gani?"

Darasa lilicheka mpaka darasa la jirani wakachungulia. Mimi nikamwomba asimame aulize tena, kwa sauti. Katika miaka yote ya kufundisha sijapata kusikia swali la fasihi lililo bora kuliko hilo.

Wazee mlioketi mbele hapa mnajua lilitoka wapi. Wakati wa ukoloni kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuota katika migomba ya Buha. Vijana wa Kasulu na Kibondo wakaandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga. Waliitwa manamba, maana mtu alikuwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, ndicho ambacho wazee mpaka leo wanakiita SILABU. Kibarua alipewa kipande chenye nafasi za siku thelathini za kazi, na siku ambayo hakuimaliza sehemu yake haikuwekwa alama, kana kwamba jua halikuchomoza. Baba yangu mkubwa alikwenda huko mara mbili. Alirudi na blanketi, baiskeli, na Kiswahili cha Tanga ambacho shangazi zangu walikicheka hadi alipofariki.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, mwaka 1909. Katika miaka ile ile ambayo watu wetu walikuwa wakishushwa Tanga kwa makundi, yeye alikuwa karani wa serikali katika mji huo. Hakuna mtu aliyeweza kuishi Tanga ya wakati huo asiuone mkonge, wala asiwaone waliokuwa wakiukata. Basi karani akakaa akaandika habari za karani aliyeweka kalamu chini akashika jembe. Simlaumu. Mtu huandika kutoka katika kiti alichokikalia. Ila mhusika wake mkuu hakumtafuta katika kambi za vibarua, na msomaji wa Buha hawezi kulipita jambo hilo kama asiyeliona.

Maana waangalieni watu hawa wawili wanavyopishana njiani. Mmoja anatoka ofisini kwenda shambani, na nyuma yake tajiri anamsihi abaki. Wa pili anatoka shambani kwao kwenda shamba la mtu mwingine, na nyuma yake kuna karani wa kodi. Wote wawili wanashika zana ya kulimia au kukatia. Wote wawili wanatoka jasho. Ukiwaandikia sentensi moja, kwamba kazi ya mikono ina heshima, mmoja wao atakucheka.

Na wapo wa tatu. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, watu wa mkoa huu wakahamishwa kutoka makwao na kuingizwa katika vijiji vya ujamaa. Wengine walikwenda kwa moyo, wengine walikwenda kwa sababu lori lilikuwa limekwisha kufika. Shule na zahanati zilifuata, hilo ni kweli na lisemwe. Lakini mtoto aliyeona paa la nyumba yao likivuliwa, halafu akaketi darasani kusoma habari za bwana mmoja aliyekwenda kijijini kwa kupenda, aliusoma ukurasa ule kwa macho yake mwenyewe, sio kwa macho ya mwalimu.

Je, kijana yule wa swali la akiba alikuwa anamshusha Utubora? Wenzake walidhani hivyo. Mimi naona alimpandisha. Ikiwa Utubora alikuwa na mshahara wa uhakika, na tajiri aliyemthamini, na nafasi ya kuishi maisha yake yote akivaa shati jeupe, basi uamuzi wake una uzito, kwa sababu alikuwa na kitu cha kuweka chini. Mtu asiyekuwa na kitu hatuwezi kumsifu kwa kukiacha. Na hapo dhamira yenyewe inabadilika mikononi mwetu. Haiwi tena kwamba kilimo ni bora kuliko ukarani. Hilo hata mtunzi, nadhani, angelionea shaka, maana yeye mwenyewe aliishi kwa ukarani miaka mingi. Inakuwa kwamba kazi humpa mtu heshima pale anapoifanya kwa hiari yake. Sentensi hiyo kibarua wa mkonge anaweza kuisoma asicheke. Anaweza hata kuitumia kudai haki yake.

Kutokana na swali lile nimepata desturi moja, nami nawapeni kwa jinsi ilivyo. Kabla sijampa mhusika sifa yoyote, nahesabu njia zilizokuwa wazi mbele yake. Je, zilikuwa ngapi? Nani alizifungua, nani alizifunga? Katika zilizobaki, alishika ipi, na alilipa nini?

Mchukueni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika mchezo uliotoka mwaka 1969. Mtunzi mwenyewe ametuonya kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, bali ni mtu aliyemuumba. Kila mwaka wanafunzi hugawanyika: huyu ni shujaa, huyu ni mwongo aliyewapeleka watu mbele ya bunduki na maji ya mtoni. Wakifika hapo hutupiana maneno hayo mawili mpaka kengele.

Hebu tuhesabu. Mwanzoni mwa mchezo watu wana njaa, wanaume wako kwenye shamba la pamba la Mjerumani, kila kabila liko peke yake na linamshuku jirani. Kinjeketile ana njia ya kuwaunganisha, anaishika, na ni njia njema. Halafu anatambua kwamba katika ujumbe alioupokea kuna jambo lisilokaa sawa: huenda wakamwondoa bwana mmoja ili wawe chini ya mwingine, wa Zanzibari. Sasa anataka kuwazuia watu, lakini neno limekwisha kumtoka, limeota miguu, na wapiganaji hawamngojei tena. Njia imefungwa, na waliofunga ni wale wale aliowafungua macho. Mwisho yuko kifungoni, amepigwa, na anatakiwa aseme maneno machache tu: kwamba maji yale yalikuwa uongo. Njia moja ya kuishi, njia moja ya kufa. Akisema, watoto wa kesho wataambiwa kwamba hata kuudai uhuru kulikuwa kosa. Akinyamaza, wapo watakaoendelea kuyaamini maji. Hakuna jibu lililo safi. Anakataa kusema.

Mwanafunzi aliyefuata hesabu hiyo hatahitaji tena kuchagua kati ya shujaa na mwongo. Ataona mtu ambaye njia zake zilipungua ukurasa kwa ukurasa, na ambaye alibaki na moja akaitumia. Mimi binafsi namheshimu kwa ile ya mwisho kuliko kwa ile ya kwanza, lakini Kidato cha Nne wana ruhusa ya kunipinga, hata leo jioni.

Sasa naja mahali ambapo najua baadhi ya wazee watajikuna. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye ilifunguliwa, ikasomwa, na bado inasomwa. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, na anapogundua barua aliyoandikiwa Rosa na kijana aitwaye Charles, anampiga vibaya sana. Rosa anakwenda shule akiwa ameogopeshwa kila kitu kiitwacho mwanamume, bila kufundishwa lolote juu yake. Tunajua alivyoishia: alijiua.

Nimesikiliza midahalo ya kitabu hiki katika shule za wavulana. Hukumu hutoka upesi. Rosa alikuwa malaya; Rosa alijitakia. Nikiwaambia wahesabu njia, chumba hupoa. Zakaria je? Alikuwa baba, alikuwa na sauti, alikuwa na fimbo, alikuwa na fedha ya kunywea pombe. Njia zake zilikuwa nyingi kuliko za mtu yeyote ndani ya kitabu. Wakubwa waliomtumia binti yule nao walikuwa na vyeo na mishahara. Charles, aliyetaka apewe msichana ambaye dunia haijamgusa, yeye mwenyewe nani alimpima? Rosa naye alikuwa na makosa yake, tena mtunzi hayafichi. Lakini mwenye njia chache kuliko wote ndiye tuliyemtwisha mzigo wote.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Historia, husema kwamba desturi yangu hii itamwachia huru kila mtu, kwani kila mkosaji atadai njia zilikuwa zimefungwa. Si kweli. Kuhesabu njia hakuifuti hatia, bali huipeleka nyumba inayohusika. Kwa Zakaria inabisha hodi kwa nguvu.

Wala asije mtu akaniambia kwamba kumpiga binti na kumnyamazisha ndiyo mila yetu. Hapa hapa Buha, kabla ya Uhuru, kiti cha Heru kilikaliwa na Mwami Theresa Ntare, na wanaume walimwamkia.

Ninayasema haya mbele yenu vijana kwa sababu hukumu za darasani hazibaki darasani. Novemba 2021 serikali ilitoa waraka wa kuwaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa kupata mimba warudi shuleni. Waraka ni karatasi. Atakayekaa dawati moja na msichana huyo aliyerudi ni wewe. Atakayemtungia jina la utani, au atakayemwazima daftari la kunakili vipindi alivyokosa, ni wewe. Na ukiwa mwalimu, kama wengi wetu hapa tulivyokuwa, mkitilia maanani kwamba chuo cha ualimu kiko hapa hapa jirani, utakuwa ndiye unayeandika ripoti yake. Sifa tano ulizozikariri hazitakusaidia siku hiyo.

Nimeulizwa njiani na Ndugu Mweka Hazina kama mtihani utakubali majibu ya namna hii. Utakubali. Msahihishaji aliyekwisha kusoma karatasi mia za "ni mpenda kazi, ana msimamo" akikuta moja inayouliza Utubora aliacha nini na Majivuno aliogopa nini, huvuta kiti karibu na taa. Ila lazima uonyeshe kitabuni: tukio lipi, nani alisema, baada ya jambo gani. Swali la kijana wangu lilikuwa zuri, lakini lingebaki mzaha kama tusingerudi kitabuni siku hiyo hiyo kutafuta. Tulitafuta vipindi viwili. Tuliulizana habari za mshahara wake, mwenendo wake, mambo aliyokuwa akiyataka na asiyoyataka, na ubaoni tukajaza upande mmoja kwa aliyoyaacha, upande wa pili kwa aliyoyapata. Upande wa pili ulichukua muda mrefu zaidi, na ubishi ulikuwa huko.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Wenzangu tuliomaliza mwaka mmoja tumechanga na kuleta nakala kumi na mbili za Utubora Mkulima, nane za Kinjeketile na sita za Rosa Mistika kwa ajili ya maktaba ya shule. Ziko kwenye sanduku pale mlangoni. Tunamwomba Ndugu Mkuu wa Shule jambo moja: zisiwekwe kwenye kabati lenye kufuli. Zikichakaa tutaleta nyingine mwakani, na Kidato cha Tatu wakikubali watakuwa wameniandikia kwa maneno yao, ukurasa mmoja kila mtu, Ahmed alipoteza nini Utubora alipoondoka.

 Maswali nitayapokea chini ya mwembe baada ya chakula.